MOTOKARI YA FAMILIA: NI MOTOKARI YA NAMNA GANI, NA INABEBA WATU WANGAPI?



Wengi wenu munajua yaliyotupata mwisho wa mwaka wa masomo uliopita, katika mtelemko wa Ngomo. Wengine mulisikia kwa kusemewa tu, na waliosema waliongeza. Leo sitaki kuongeza wala kupunguza. Nataka kujibu ulizo moja nililoulizwa katika dortwari, maana ni miezi mingi sasa nalibeba bila jibu.

Habari yenyewe ni hii. Siku ya kurudi kwa wazazi, wanafunzi wa upande wa Uvira tulikuwa 8. Karatasi ya majina ilikuwa mkononi mwangu, kwa sababu kapita wa wakati ule alikuwa amekwisha kwenda kwao. Motokari iliyokuja ilikuwa ndogo, yenye viti 5. Nilihesabu vichwa, nikaona kwamba hatutaenea. Shofere akacheka, akasema: «Kapita, usiogope. Hii ni gari ya familia, ni familiale. Inabeba familia muzima. Musogeane tu, mutaenea.» Na mimi nikawageukia wadogo nikawaambia: «Musogeane.» Nyuma tukaingia 6, wawili wakapakatwa. Mbele, kwenye kiti kimoja, wakaa 2. Masanduku tukayafunga juu.

Tulipofika kwenye mtelemko, freni zilianza kunuka. Kiisha shofere akakanyaga, lakini motokari haikusikia. Akaipeleka kwenye ukuta wa mlima, na hapo alifanya vema, kwani upande wa pili ni bonde. Tulitoka na michubuko, isipokuwa mdogo wetu mmoja wa darasa la 7, aliyekuwa amepakatwa mbele. Mkono wake wa kuume ulivunjika.

Mwezi wa 9 alirudi. Mkono umepona, lakini haunyooki sawasawa. Anaandika polepole, na mwalimu akisoma maneno ya kuandika, yeye anabaki nyuma. Jioni moja akaniuliza, bila hasira: «Yaya kapita, ile gari ilikuwa familiale ya kweli?» Sikuwa na jibu. Basi nilianza kutafuta katika vitabu, kwa fundi wa garaji, na kwa mwalimu wetu wa fizikia. Niliyoyapata ni haya.

1. NENO «FAMILIALE» LINA MAANA MBILI

Zamani, katika lugha ya wauzaji wa Ufaransa, familiale ilikuwa motokari yenye safu 3 za viti. Wazee wetu wanakumbuka Peugeot 404 na Peugeot 504. Ile 504 ilianza kutengenezwa mwaka 1968, na ilienea Afrika mpaka ikakusanywa hata Kaduna, katika inchi ya Nigeria. Lakini 504 haikuwa moja tu. Ile ya kawaida, yenye kofre nyuma, ilikuwa na urefu wa metre 4,49. Ile yenye mgongo mrefu ilikuwa na metre 4,80, na kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma waliongeza santimetre 16: metre 2,90 badala ya 2,74. Juu ya chuma hicho kirefu ndipo walipoweka familiale, yenye safu 3 na nafasi ya watu 7.

Angalieni neno moja hapa. Watengenezaji hawakuchukua motokari ya kawaida na kuongeza viti tu. Walibadilisha pia mambo ya chini. Nyuma waliweka mhimili mzima wa chuma wenye resoro 4, mbili kila upande, ili ubebe uzito. Kwa hiyo watu waliongezeka, na miguu ya motokari ikaongezwa nguvu vilevile.

Maana ya pili ni ya siku hizi. Leo Wazungu wakisema «motokari ya familia» wanasema juu ya cheo cha ukubwa tu, sawa vile sisi tunavyosema viatu vya namba 38 ao 42. Na cheo hiki hakihesabu watu. Sasa tuone vile wanavyopima.

2. ULAYA: HERUFI A MPAKA F

Katika Ulaya motokari za watu zinagawanywa kwa herufi. A ni zile ndogo kabisa za mjini. B ni ndogo. C ndiyo wanayoiita motokari ndogo ya familia: Volkswagen Golf, Peugeot 308, Toyota Corolla. D ni motokari kubwa ya familia: Peugeot 508, Volkswagen Passat, Toyota Avensis. E ni ya wakubwa wa kazi, na F ni ya fahari. Kiisha kuna herufi zingine kwa zile ndefu za kwenda juu, kwa zile za michezo, na kwa zile za safu 3.

Mtu anaweza kuuliza: C inaishia metre ngapi? Jibu ni kwamba hakuna sheria yenye kuweka mpaka kamili. Zile za C ziko karibu na metre 4,2 mpaka 4,6, na za D zinapita hapo. Lakini wanaangalia pia bei, moteri, na motokari gani inashindana na gani sokoni. Shirika la Euro NCAP, lililoanza mwaka 1997 kugongesha motokari kwa kupima usalama, nalo lilitumia majina hayo: ndogo ya familia, kubwa ya familia.

Sasa musome vizuri, kwa maana hapa ndipo tulipodanganyika. «Motokari kubwa ya familia» si «motokari ya familia kubwa». Neno «kubwa» linashika motokari, halishiki familia. Golf iko na viti 5. Passat, yenye kuipita kwa urefu, nayo iko na viti 5. Yote miwili! Urefu ule unaozidi umekwenda kwenye magoti ya wale wa nyuma na kwenye kofre. Familia waliyoifikiri wale waliotoa jina ni baba, mama na watoto wawili ao watatu. Familia ya hapa kwetu, yenye watoto 8 pamoja na tate na binamu mmoja aliyekuja kusoma, haikuwa katika mawazo yao.

3. JAPANI: SHERIA NA METRE

Motokari mingi tunazoziona hapa Kivu zilitumika kwanza Japani. Ndiyo sababu volani zao ziko upande wa kuume, ingawa sisi tunatembea kwa upande wa kuume wa barabara. Na kule Japani mipaka imeandikwa kwa sheria.

Cheo cha chini kinaitwa kei. Urefu hauwezi kupita metre 3,40, upana metre 1,48, urefu wa kwenda juu metre 2,00, na moteri santimetre 660 za mraba wa tatu. Inabeba watu 4, si zaidi. Cheo cha pili ni «ndogo»: urefu metre 4,70, upana metre 1,70, kwenda juu metre 2,00, moteri ya esanse mpaka litre 2. Ikipita kipimo kimoja tu kati ya hivyo, inaingia katika cheo cha kubwa.

Sheria hii inaeleza jambo moja ambalo munaweza kulipima ninyi wenyewe kwa kamba. Toyota Noah ya mwaka 2001 na ile ya mwaka 2007 ziko na upana wa metre 1,695, yaani nusu santimetre chini ya mpaka. Toyota Ist ya kwanza, ambayo ni fupi sana kwake, iko na upana ule ule wa metre 1,695. Hazikufanana kwa bahati. Watengenezaji walijaza sanduku la sheria mpaka ukingoni. Lakini Noah iko na safu 3 za viti na nafasi ya watu 8, na Ist iko na viti 5. Kwa hiyo upana peke yake haukuambii kitu. Cheo peke yake nacho hakikuambii kitu.

4. MAREKANI: WANAPIMA NDANI

Wamarekani wao wamechukua njia ingine. Shirika la serikali lenye kulinda mazingira linapima hewa ya ndani: nafasi ya watu pamoja na ya mizigo. Wanahesabu kwa futi, lakini tukigeuza kwa metre, motokari ya kati ni ile yenye nafasi ya ndani kuanzia karibu metre 3,1 za mraba wa tatu mpaka 3,4. Chini ya hapo ni ndogo, na juu ya hapo ni kubwa.

Je, ni busara? Mimi naona ndiyo, kwani nje na ndani si kitu kimoja. Mfano mzuri ni Mini ya Waingereza ya mwaka 1959. Bwana Alec Issigonis aliyeichora alilaza moteri ubavuni, kutoka gurudumu mpaka gurudumu, badala ya kuinyoosha kutoka mbele kwenda nyuma. Motokari yote ilikuwa na metre 3,05 tu, lakini karibu sehemu 80 kwa 100 za sakafu zilibaki kwa watu na mizigo. Ile Coccinelle ya Volkswagen iliipita kwa metre moja nzima, na bado wale wa nyuma walikuwa wanafinywa. Siku hizi karibu motokari zote za B na C zimelaza moteri namna ya Mini.

5. MAJINA YANABAKI, MOTOKARI ZINAKUA

Tena kuna mtego mwingine. Mtu anasema: «Ni Corolla, naijua.» Corolla gani? Ile ya kwanza, ya mwaka 1966, ilikuwa na urefu wa metre 3,85 hivi. Ya leo yenye kofre imefika metre 4,63. Golf ya kwanza, ya mwaka 1974, ilikuwa na metre 3,70 na uzito wa karibu kilo 800. Golf iliyotoka mwaka 2019 iko na metre 4,28, na uzito wake umepita kilo 1200. Hata Polo, mdogo wake wa cheo B, tangu mwaka 2017 imepita metre 4,00, yaani ni ndefu kuliko Golf ya kwanza!

Juu ya nini zinakua? Kwanza, usalama. Mbele na nyuma panatakiwa chuma chenye kujikunja ili kipokee kishindo kabla hakijafika kwa watu, na milango imenenepa kwa sababu ile ile. Pili, wanunuzi wenyewe. Kila mara motokari mpya inapotoka, wanataka ipite ile ya zamani. Kwa hiyo cheo ni kama darasa: jina linabaki, lakini wanaokaa ndani wanabadilika.

Na kuna zile zinazoanza kutoweka. Familia za Ulaya zinahama kwenda kwa motokari ndefu za kwenda juu. Ford Mondeo, iliyokuwa motokari kubwa ya familia tangu mwaka 1993, iliachwa kutengenezwa Ulaya mwaka 2022.

6. HESABU YENYE KUTUHUSU

Sasa narudi kwa ulizo la mdogo wetu. Ikiwa jina la familia halisemi watu wangapi, ni nini inayosema? Vitu viwili: mikanda na kilo.

Mikanda ni rahisi. Hesabu mikanda iliyo ndani. Ni 5? Basi ni watu 5. Yule anayepakatwa hana mkanda. Na mikono ya yule anayempakata haiwezi kumshika motokari ikigonga, hata kama ni mikono ya mwanaume mwenye nguvu.

Kilo zinataka hesabu. Kila motokari iko na uzito wake ikiwa tupu, na iko na uzito wa mwisho ulioruhusiwa ikiwa imejaa. Mara nyingi uzito wa mwisho umeandikwa kwenye kibati katika mlango ao karibu na moteri. Ukiondoa wa kwanza katika wa pili, unapata mzigo wake, watu wakiwa ndani ya hesabu.

Tuseme motokari ya kilo 1100 ikiwa tupu, yenye ruhusa ya kufika kilo 1600. Mzigo wake ni kilo 500. Tuchukue shofere wa kilo 75, mwanafunzi wa kilo 60, na sanduku la kilo 25.

Wanafunzi 4: 75 + 240 + 100 = kilo 415. Inaenea, na kilo 85 zinabaki.

Wanafunzi 8: 75 + 480 + 200 = kilo 755. Imepita kwa kilo 255.

Motokari hii ya pili inapima kilo 1855 badala ya 1600, karibu sehemu 16 kwa 100 zaidi. Mwalimu wa fizikia alituchorea ubaoni maana yake. Ziwa Kivu liko juu ya bahari kwa metre 1460, Tanganyika kwa metre 770 hivi. Anayetoka Bukavu kwenda Uvira anatelemka karibu metre 700, bila kuhesabu vile anavyopanda kwanza. Nguvu yote ya kutelemka haipotei: inageuka kuwa moto. Shofere akitelemka kwa kukanyaga tu, moto huo unaingia katika freni. Uzito ukizidi kwa 16, moto nao unazidi kwa 16. Freni zikipita moto wake, zinaacha kushika, na maji ya freni yanaweza kuchemka. Mguu unakwenda mpaka chini na hakuna kitu kinachofanyika. Ile harufu tuliyoisikia ilikuwa ndiyo habari yenyewe, na sisi tulifunika pua.

Tena uzito wa nyuma unalaza resoro. Pua ya motokari inainuka, magurudumu ya mbele yanashika udongo kidogo, volani inakuwa nyepesi. Usiku taa zinaangalia miti badala ya barabara. Na masanduku ya juu yanafanya motokari itake kulala katika kona.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jibu ni hili: kwa jina, ndiyo, ilikuwa motokari ya familia. Shofere hakusema uongo juu ya jina. Lakini ilikuwa ya watu 5, na sisi tulikuwa 9. Na aliyeshika karatasi ya majina alijua kuhesabu. Alikuwa mimi. Nilikuomba musamaha katika dortwari. Leo nauandika hapa ili wote wausome.

7. TUFANYE NAMNA GANI?

Najua mutakavyosema: «Kapita, franka ziko wapi?» Ni kweli. Watu 8 wakigawana motokari moja, kila mmoja analipa kidogo. Wakipanda 4, bei inakuwa mara mbili. Wazazi wengi wanalipa kwa shida, na mimi sitaki kusema kama mtoto wa tajiri. Lakini tulifanya mazungumuzo na wenzangu, tukaona njia tatu.

Kwanza, masanduku yatangulie. Kamio za bidhaa zinashuka kila juma, na wanafunzi 8 wakituma masanduku pamoja, inagharimu kidogo. Hata hivyo, musisahau: kutoa masanduku kunapunguza kilo, hakuongezi mkanda hata mmoja.

Pili, wale wa upande mmoja wajiandikishe mapema, majuma 3 kabla. Wakifika 7 ao 14, tunaweza kupatana juu ya motokari ya safu 3 ya kweli. Siku ya mwisho hakuna kupatana. Siku ya mwisho shofere ndiye anayepanga bei, na ndiye anayesema «mutaenea».

Tatu, kapita wa kila upande ahesabu mikanda mbele ya mlango kabla ya mtu kuingia. Mikanda ikiisha, karatasi nayo inafungwa. Anayebaki anangoja motokari ya pili, na kapita anabaki pamoja naye. Mwaka huu mimi ndiye nitakayebaki. Nimekwisha kumwambia mkubwa wa shule, na amekubali.

Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka. Kufika siku moja nyuma, mama atauliza tu kwa nini umekawia.

MAULIZO KWA WASOMAJI

1. Motokari inapima kilo 1250 ikiwa tupu, na ruhusa yake ni kilo 1750. Shofere ni kilo 80. Wanafunzi wa kilo 60 wenye masanduku ya kilo 25 wanaweza kuingia wangapi kwa hesabu ya kilo? Na kwa hesabu ya mikanda, ikiwa iko 5? Ni hesabu gani inayotawala?

2. Kwa nini motokari ya cheo D haibebi watu wengi kuliko ya cheo C?

3. Pimeni kwa kamba motokari moja iliyo katika uwanja wa shule, kwa ruhusa ya mwenyewe. Katika sheria ya Japani, ingeingia katika cheo gani?

Majibu yaletwe kwangu kabla ya siku ya tano. Yule mdogo wa darasa la 7 amekubali kuyasahihisha pamoja nami. Yeye atasoma, na mimi nitaandika.

Ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho